Kiingereza Rasmi na Kiingereza cha Mazoea: Kukisoma Upya Kitabu cha Martin Joos, «The Five Clocks»

1. Utangulizi

Wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza wa masomo ya Kiingereza huja na madaftari yao ya shule ya sekondari, na katika mengi ya madaftari hayo umo ukurasa mmoja unaofanana. Ukurasa huo umegawanywa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto yameandikwa maneno yanayoitwa rasmi: «purchase», «commence», «assist», «demand». Upande wa kulia yameandikwa maneno yanayoitwa ya mazungumzo: «buy», «begin», «help», «ask». Chini yake imewekwa kanuni: unapoandika barua au unapojibu mtihani, chagua kushoto, unapoongea na rafiki, chagua kulia.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo inapotosha, na kwamba madhara yake hayaishii darasani. Hatusemi kwamba Kiingereza hakina tofauti kati ya usemi rasmi na usemi wa mazoea. Tofauti ipo, na asiyeijua huumia. Tunachosema ni kwamba tofauti hiyo haikai katika neno moja moja. Inakaa katika uhusiano wa msemaji na msikilizaji: msemaji anampa mwenzake habari kiasi gani, na anamwachia nafasi gani ya kujibu. Hoja hii si yetu. Msingi wake umo katika kitabu chembamba cha Martin Joos, ambacho kina zaidi ya miaka sitini na ambacho bado hutajwa mara nyingi kuliko kinavyosomwa. Tutaeleza kwanza kitabu kinasema nini, kisha tutakipima kwa kisa kimoja tulichokishuhudia, na mwisho tutaonyesha mahali kinapopungukiwa kwa wasomaji kama sisi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kiswahili lishughulike na mitindo ya Kiingereza. Sababu ni mbili. Kwanza, Kiingereza kimetusogelea. Nchi yetu iliingia katika SADC mwaka 1997 na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na katika jumuiya zote mbili Kiingereza kina nafasi kubwa. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni takriban kilomita 90 tu, na ng'ambo ya mpaka huo Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Pili, namna tunavyokosea katika Kiingereza inatuonyesha jambo fulani kuhusu namna tunavyokifundisha Kiswahili chenyewe. Tutalirudia jambo hilo mwishoni.

2. Kitabu na hoja yake

Martin Joos (1907–1978) alikuwa mwanaisimu Mmarekani, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wanaisimu walimfahamu kwanza kwa utafiti wake wa fonetiki ya akustika, uliotoka mwaka 1948, na kwa mkusanyo wa makala za isimu aliouhariri mwaka 1957. «The Five Clocks» kilitoka mwaka 1962, kisha kikachapishwa tena mwaka 1967 na Harcourt, Brace & World kikiwa na utangulizi wa Albert H. Marckwardt. Ni kitabu cha mtu aliyechoka kuona walimu wakisahihisha Kiingereza cha watoto kana kwamba kila neno lisilovaa suti ni kosa. Mwalimu wa namna hiyo amepewa jina katika kitabu: Bi. Fidditch, mlinzi mkali wa sarufi, ambaye mwandishi anabishana naye tangu mwanzo hadi mwisho.

Jina la kitabu linatokana na kisa cha kituo cha reli cha Ballyhough, nchini Ireland. Kituo hicho kina saa mbili zinazotofautiana kwa dakika kadhaa. Msafiri Mwingereza anapolalamika, mchukuzi wa mizigo anamjibu kwamba kama saa zote zingesema wakati uleule, hakungekuwa na haja ya kuwa na mbili. Joos anachukua jibu hilo kwa dhati. Lugha, anadai, nayo ina saa zaidi ya moja, na kutofautiana kwa saa hizo si hitilafu, kwani ndiko kunakozipa kazi. (Anayetaka kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakutana na kikwazo mlangoni: «Saa Tano» kwa msomaji wetu ni saa moja kabla ya adhuhuri.)

Mitindo mitano anayoitaja tunaweza kuiita hivi: mtindo ulioganda, mtindo rasmi, mtindo wa mashauriano, mtindo wa mazoea na mtindo wa undani. Katikati ya yote uko mtindo wa mashauriano, nao una alama mbili. Msemaji hutoa habari za msingi ambazo mwenzake hazijui, na msikilizaji hushiriki bila kukoma, kwa kuitikia, kuuliza au kukamilisha sentensi. Ndivyo wanavyosema watu wasiofahamiana sana wanapokuwa na kazi ya kufanya pamoja.

Ukielekea upande mmoja kutoka hapo, habari za msingi zinapungua. Katika mtindo wa mazoea msemaji haelezi tena, kwa sababu anamchukulia mwenzake kuwa mtu wa ndani. Alama zake ni kuruka maneno na kutumia misimu ya kikundi. Katika mtindo wa undani hata taarifa yenyewe hupotea: mume na mke hutosheka na neno moja, au na mguno.

Ukielekea upande wa pili, kinachopungua ni ushiriki wa msikilizaji. Katika mtindo rasmi msemaji anapanga maneno yake mapema, anafunga habari zote ndani ya sentensi zake kwa sababu hakuna atakayemkatiza, na anajiweka mbali na anachokisema. Katika mtindo ulioganda msomaji hawezi kabisa kumuuliza mwandishi swali. Anachoweza ni kuyasoma maandishi tena na tena.

Hapa ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Ngazi hii haijajengwa juu ya heshima, wala juu ya usahihi, wala juu ya elimu. Imejengwa juu ya maswali mawili mepesi: je, mwenzangu anajua ninachokijua? Je, nafasi ya kunijibu anayo? Mtu mmoja, mwenye elimu ileile na adabu ileile, hupita katika mitindo mitatu au minne kwa siku moja. Hajishushi anapotoka mmoja kwenda mwingine, kama asivyojishusha mtu anayevua koti aingiapo nyumbani.

3. Barua moja na jibu lake

Tukipime kitabu hiki kwa jambo lililotokea. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikaribia kumaliza masomo aliandika barua kwa Kiingereza kwa kampuni fulani, akiomba nafasi ya mafunzo ya kazini. Alituonyesha nakala baadaye. Barua ilianza hivi: «I have the honour to demand a stage in your enterprise». Kwa Kifaransa cha ofisi zetu sentensi hiyo haina dosari: mtu anayo heshima ya kuomba, na anachoomba ni staji. Kwa Kiingereza inasema jambo jingine. «Demand» ni kudai, tena kwa sauti ya juu. «Stage» ni jukwaa. Mwanafunzi alikuwa amewaandikia watu asiowajua kwamba anayo heshima ya kudai jukwaa.

Hata hivyo barua ilieleweka. Baada ya siku tatu mhusika alimjibu kwa barua pepe yenye mistari miwili. Alianza na «Hi» na jina la kwanza la mwanafunzi. Akamshukuru, akamwomba amtumie maelezo ya masomo yake na amwambie lini angeweza kuanza. Akamaliza kwa «Cheers» na jina lake la kwanza, bila cheo.

Wiki sita baadaye mwanafunzi alikuja kutuuliza namna ya kuandika barua ya kukumbusha. Tulipomuuliza kama hakupata jibu, alisema: «Hawajajibu rasmi». Ule ujumbe wa mistari miwili aliusoma kama dharau. Aliitwa kwa jina la kwanza na mtu asiyemfahamu. Hapakuwa na «Bwana», hapakuwa na tarehe wala marejeo. Alidhani karani fulani alikuwa akimfanyia mzaha huku barua ya kweli ikiandaliwa. Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

Tunakisimulia kisa hiki kwa uchungu, kwa sababu ule ukurasa wenye safu mbili hakuupata shuleni tu. Nami nilikuwa nimemwandikia ubaoni, katika kozi yangu mwenyewe.

Tukiusoma mkasa huo kwa macho ya Joos, tunaona mambo mawili. Barua ya mwanafunzi ilikuwa katika mtindo ulioganda: fomula tupu, isiyomwachia msomaji pa kuingilia. Haikutaja alisoma nini, alitaka kujifunza nini, wala kwa muda gani. Ilikuwa na heshima nyingi, lakini habari za msingi haikuwa nazo. Jibu nalo lilikuwa katika mtindo wa mashauriano, likiegemea kidogo upande wa mazoea. Lilikuwa fupi, lakini lilikuwa na maswali mawili, na swali ndiyo alama kubwa ya mashauriano: linamwita mwenzako aseme. Mwandishi wa jibu alikuwa amefungua mlango. Mwanafunzi, aliyefundishwa kwamba heshima imo katika urefu wa maneno, aliona mlango umefungwa.

Kwa hiyo kosa lililomgharimu si «demand», ingawa ndilo linalochekesha. Lililomgharimu ni kutoweza kusoma saa ya mwenzake. Safu mbili za daftari humfundisha mwanafunzi kuandika kwa urasmi. Hazimfundishi kamwe kuupokea usemi usio rasmi.

4. Mtego wa maneno ya Kifaransa

Ipo sababu maalumu inayomfanya msomi wa Kongo atumbukie katika shimo hili upesi kuliko wengine. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa kwa muda mrefu lugha ya watawala na ya mahakama za nchi hiyo. Kiingereza kikabaki na maneno mawili, na mara nyingine matatu, kwa jambo moja: «ask» la wenyeji, «question» la Kifaransa, «interrogate» la Kilatini. Kwa mtoto wa Kiingereza neno la kwanza ni la nyumbani, na la mwisho hulipata shuleni akiwa ameshakua.

Kwetu mambo yamepinduka. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi anakuta «commence», «assist», «interrogate» na «postpone» zikimkonyeza kama jamaa au marafiki wa jamaa. Kinachomtoa jasho ni «put off», «find out», «get on with», vitenzi vidogo vyenye vijineno vya nyuma ambavyo Mwingereza huvijua kabla ya kusoma. Kwa maneno mengine, Kiingereza cha urasmi tunakipata kwa bei nafuu, na Kiingereza cha mazoea kwa bei ghali. Kisha mwalimu anakuja kutuambia kwamba kile cha bei nafuu ndicho bora. Nani asingefurahi?

Lakini udugu huo una hila. «Demand» hailingani na «demander». «Assist» ya Kiingereza ni kusaidia, wakati «assister» ya Kifaransa, inapohusu mkutano, ni kuhudhuria. Tena kuna fomula. Barua ya Kifaransa hufungwa kwa sentensi nzima ya hisia teule. Barua ya Kiingereza cha Uingereza hufungwa kwa maneno mawili: «Yours faithfully» kama ilianza kwa «Dear Sir», «Yours sincerely» kama ilianza kwa jina la mtu. Wapo wanafunzi wanaoiogopa «Dear» kwa kuwa wanaitafsiri «mpenzi», wakaandika «Sir» peke yake, na barua yao ikatoka ikiwa na ukali wasioukusudia.

Zaidi ya hayo, Kiingereza rasmi chenyewe hakikukaa mahali pamoja. Mwaka 1946 George Orwell aliandika insha akiwataka Waingereza waache neno refu pale neno fupi linapotosha. Mwaka 1979 ilianzishwa huko Uingereza kampeni ya kudai fomu na barua za serikali ziandikwe kwa lugha nyepesi. Mwaka 1999 kanuni mpya za mashauri ya madai katika mahakama za Uingereza na Wales ziliacha neno «plaintiff» na kuweka «claimant», ili mtu wa kawaida aelewe. Marekani nayo ilipitisha mwaka 2010 sheria inayozitaka ofisi za serikali kuu ziwaandikie raia kwa lugha iliyo wazi. «I have the honour to» bado inaishi katika hati za mabalozi, lakini katika barua ya kuomba kazi ilikwisha kuzeeka. Mwanafunzi wetu anajifunza kwa bidii kusoma saa ambayo wenyewe walikwisha kuibadilisha.

Heshima katika Kiingereza cha leo inakaa wapi, basi? Haikai katika kiwakilishi, kwani «you» ni moja kwa mtoto na kwa rais. Kifaransa kina «tu» na «vous». Hapa kwetu wengi humwamkia mzee mmoja kwa nafsi ya wingi. Mwingereza hana njia hiyo. Anachofanya ni kusogeza kitenzi mbali: «can you» inakuwa «could you», «I wonder» inakuwa «I was wondering». Wakati uliopita hautaji jana. Unampa mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu. Sisi tunalijua jambo hili katika lugha yetu. Hakuna mtoto aliyelelewa vema anayemwambia mama mwenye nyumba «nataka maji». Atasema «naomba maji», au «ungenisaidia maji». Mwanafunzi anayelijua hilo kwa Kiswahili anaweza kulielewa kwa Kiingereza siku hiyohiyo, mradi aonyeshwe kwamba heshima imo katika nafasi anayomwachia mwenzake.

5. Mahali kitabu kinapopungukiwa

Baada ya kukisifu, ni haki tukihoji. Tunaona mapungufu manne.

La kwanza linahusu namna kilivyoandikwa. Joos anafundisha kwamba mgeni hupewa habari za msingi, lakini kitabu chake kimejaa mizaha na vidokezo vinavyomtaka msomaji awe Mmarekani wa rika lake. Bi. Fidditch anachekesha kwa aliyefundishwa na Bi. Fidditch. Msomaji wa Lubumbashi anajikuta amesimama nje ya dirisha, akiwaona watu wakicheka. Mwandishi amechagua saa ya mazoea kwa hadhira ambayo hakuihesabu kuwamo.

La pili: amezipanga saa zote katika mstari mmoja. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mstari mmoja hautoshi. Douglas Biber, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alihesabu sifa 67 za lugha katika aina 23 za usemi na maandishi ya Kiingereza, akakuta kwamba tofauti zake huenda pande kadhaa kwa mara moja. Barua ya mtu kwa rafiki yake, ingawa imeandikwa, iko karibu na mazungumzo kuliko ilivyo karibu na hati ya serikali. Joos hakuweza kuuona ujumbe wa simu, ulioandikwa kwa vidole na kujibiwa baada ya dakika mbili. Hata hivyo maswali yake mawili yanausaidia hata ujumbe huo: kwa kuwa mwenzako anaweza kujibu papo hapo, mashauriano yamerudi ndani ya maandishi.

La tatu ni zito zaidi. Msemaji wa Joos ni mtu huru: anaitazama hali, kisha anachagua saa. Lakini duniani si kila mtu anaruhusiwa kusogeza mshale. Roger Brown na Albert Gilman, katika makala yao maarufu ya mwaka 1960 kuhusu viwakilishi vya mamlaka na vya mshikamano, walieleza kwamba mwenye cheo kikubwa ndiye mwenye haki ya kuanzisha mazoea. Mdogo husubiri aalikwe. Mwandishi wa ule ujumbe wa mistari miwili aliweza kusema «Hi» bila hatari yoyote. Kama mwanafunzi ndiye angeanza kwa «Hi», pengine asingejibiwa kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi hakuwa mjinga alipoogopa. Alijua kwamba yeye ni mdogo. Asichokijua ni kwamba mkubwa alikuwa amekwisha kumwalika. Kitabu kinachonyamaza kuhusu mamlaka hakiwezi kumsaidia hapo.

La nne linatuhusu sisi hasa. Saa tano za Joos zote zimo ndani ya lugha moja. Mjini kwetu, kubadili saa mara nyingi ni kubadili lugha. Mtu yuleyule huandika taarifa kwa Kifaransa, husikiliza mahubiri kwa Kiswahili bora, hupatana bei sokoni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo watoto ni «batoto» na kuja ni «kuya», na pengine humaliza siku kwa lugha ya wazazi wake. Kila lugha imepewa chumba chake. Kwa mazoea hayo, Kiingereza kilipofika kupitia shule nacho kilipewa chumba kimoja: sebule ya wageni. Tunakijua kikiwa kimevaa, hatujakiona kikiwa jikoni. Ndiyo maana mwanafunzi wetu, hata anapomwandikia mwenzake wa Ndola kwa simu, anaandika kama mthibitishaji wa hati. Hajakosa adabu, wala hajakosa msamiati. Amekosa saa nyingine.

6. Pendekezo kwa darasa

Hatutaki kuufuta ule ukurasa wenye safu mbili na kuuachia utupu. Tunapendekeza zoezi jingine, ambalo tumelijaribu katika vikundi vyetu. Mwanafunzi apewe haja moja na wasikilizaji watatu. Tuseme haja ni kuazima kamusi.

Kwa profesa asiyemfahamu: «I am a third-year student in the English department and am preparing a paper on Swahili loanwords. I would be grateful if you could lend me your dictionary for two days». Habari zote za msingi zimo, kwa kuwa msomaji hazijui na hawezi kuuliza kwa urahisi. Tazama pia kwamba hakuna neno gumu hata moja.

Kwa mwenzake wa darasa jingine: «Could you lend me your dictionary? I need it for Thursday's paper». Habari zimepungua, na swali limetangulia.

Kwa rafiki anayekaa naye chumba kimoja: «Got that dictionary?». Kitenzi kisaidizi na kiima vimerukwa. «That» inatosha, kwa sababu wote wawili wanajua ni ipi. Kwetu tungesema: «Ile diksionere uko nayo?».

Baada ya kuandika, wanafunzi waulizwe maswali mawili: nani kati ya wasikilizaji alihitaji kuelezwa zaidi? Na ukimpelekea rafiki ile ya kwanza, atafikiri nini? Swali la pili huwachekesha, kisha huwanyamazisha. Wanatambua wenyewe kwamba urasmi uliokosewa mahali pake si heshima iliyozidi. Rafiki atadhani umemkasirikia.

Hatua ya mwisho ya zoezi ni kusoma. Wapewe majibu yaliyoandikwa kwa mitindo mbalimbali, nao waseme kila jibu linafungua mlango au linaufunga. Kanuni tunayowapa ni ndogo: anza kwa urasmi wa wastani, soma jibu la mwenzako, kisha msogelee hatua moja, usizidi. Akiandika «Hi» na jina lako, nawe unaweza kuandika «Dear» na jina lake. Si lazima umfikie alipo siku hiyohiyo.

7. Hitimisho

Tulianza na Kiingereza, tumalizie nyumbani. Kiswahili bora tunachokifundisha katika vyuo vyetu nacho kina saa moja tu. Tunawapa wanafunzi lugha ya hotuba na ya vitabu, kisha tunashangaa wanapofika Kigoma au Dar es Salaam na kuonekana kama watu wanaosoma risala mbele ya meza ya chai. Na wanapotumia Kiswahili cha mji wetu, tunawasahihisha kwa kalamu nyekundu ya Bi. Fidditch, kana kwamba saa ya sokoni imeharibika kwa sababu haifanani na saa ya mimbarini. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa saa ya mimbari, kwa kuwa wasomaji hawawezi kutukatiza. Lakini mwandishi aliyajadili kwanza na wenzake kwa Kiswahili kingine, na hoja hazikupungua uzito.

Kitabu cha Joos kimezeeka, kina upungufu, na kwa sehemu hakikuandikwa kwa ajili yetu. Tunakipendekeza hata hivyo kwa walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili, kwa sababu kinahamisha swali kutoka kwa neno na kulipeleka kwa mtu. Mwanafunzi wa kisa chetu alipata kazi mahali pengine, mwaka mmoja baadaye. Siku aliyokuja kutuaga tulimwonyesha tena ule ujumbe wa mistari miwili, akausoma polepole, akasema: «Kumbe alikuwa ananiuliza».